Mshale wa Kipande cha Kumi na Moja

Dakika nne! Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa umeachwa wazi dakika nne nzima, na walioshika funguo asubuhi ile wamekaa mezani wanakunywa chai kwa raha zao.

"Nani?" Bi Mshale, msimamizi wa chumba hicho, aliuliza.

Dereva alitazama dari. Fundi wa mashine alianza kujipapasa mifukoni, eti anatafuta kitu.

"Basi msiseme. Nawaandika wote wawili."

Akawaandika. Pembeni mwa mlango ule palikuwa na ubao mweupe, kalamu nyekundu ikining'inia kwa uzi, na kila kosa lililofanyika chumbani humo liliwekwa hapo hadharani: nani, kafanya nini, tarehe ngapi. Kosa lisilo na tarehe, Bi Mshale alipenda kusema, huo ni umbea tu. Ubao haukujali mkubwa wala mdogo. Profesa mwenyewe, mkuu wa kituo kizima cha utafiti, aliwahi kukaa pale wiki nzima kwa kuingia ndani na kikombe cha kahawa.

Bi Mshale mwenyewe hakuwahi kuandikwa. Miaka ishirini na saba, hata mara moja. Alikuwa amebakiza wiki mbili astaafu, na hilo ndilo alilotaka kuondoka nalo. Keki na hotuba watajua wenyewe.

Watu wakisikia chumba cha baridi wanadhani ni cha nyama. Nyama gani! Lilikuwa tope, tope tupu, lililotolewa chini ya ziwa kwa mabomba marefu, likakatwa vipande vya mita moja na nusu, na kila kipande kikapasuliwa kwa urefu kama mkate. Nusu moja ni ya kazi. Watafiti wanaikwangua na kuipima. Nusu ya pili ni ya akiba. Inafungwa kwenye plastiki, inalazwa rafu za chini, haifunguliwi bila ruhusa ya Profesa. Na kila nusu ina mshale unaoonyesha upande wa juu. Hapo ndipo jina lake lilipotoka. Ukipita umebeba kipande, kabla hata ya salamu: "Mshale uko wapi?" Mtu akiomba ruhusa ya kwenda msibani: "Pole sana, nenda, na kile kipande ulichokiacha mezani, mshale wake umetazama wapi?"

Alikuwa na sababu. Tope la ziwani hujipanga lenyewe, la zamani chini, la juzi juu. Zile enzi za barafu, milima iliyo juu ya ziwa ilipofunikwa, barafu ilisaga mawe yakawa unga, na ziwa likajaa tope la kijivu. Joto liliporudi, majani yakarudi, vidudu vya majini vikarudi, tope likawa la kahawia. Kijivu, kahawia, kijivu, kahawia. Dunia imepoa na kupata joto mara nyingi kabla hajazaliwa mtu wa kuilalamikia. Sasa wewe geuza kipande kimoja tu juu chini, uone hadithi utakayoisoma.

Na usimtajie habari hizi shemeji yake, mume wa mdogo wake. Kila Jumapili wakikaa kula lazima aanze.

"Si mnasema wenyewe dunia ina zamu zake? Baridi, joto, baridi, joto. Sasa kelele za nini?"

"Zamu za maelfu ya miaka, shemeji. Vizazi na vizazi. Hili joto la sasa umeliona likipanda wewe mwenyewe, na kichwa chako bado kina nywele."

"Lakini ni zamu."

"Zamu yako ya kuosha vyombo ni nusu saa na hujawahi kuimaliza."

Hapo mdogo wake hucheka mpaka anaweka kijiko chini, na shemeji hununa mpaka jioni. Jumapili inayofuata anaanza tena palepale, kana kwamba hajawahi kujibiwa. Ilikuwa inachosha, jamani. Inachosha kuliko kubeba mabomba.

Cha ajabu ni kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyemzaa binti aitwaye Dokta. Ukoo mzima ulimwita hivyo tangu ana miaka minane, kwa sababu ya maswali yake, na sasa kweli alikuwa anakaribia kuwa daktari, wa tope. Miaka mitatu alikuwa akifanya utafiti humo humo kwenye chumba cha mama yake mkubwa, na miaka mitatu Bi Mshale hakumwonea haya: ubaoni aliandikwa mara kumi na tisa. Ijumaa saa nne asubuhi angesimama mbele ya jopo la watu watano kuitetea tasnifu yake. Shemeji alikuwa ameshatangaza mtaa mzima.

Na tasnifu yenyewe haikuwa ya mchezo. Dokta aligundua kwamba enzi ya mwisho ya barafu haikuondoka kwa utulivu pale ziwani. Barafu iliondoka ghafla, joto likaja, halafu barafu ikarudi, halafu ghafla tena ikaondoka. Ghafla! Neno hilo Profesa alilipenda kiasi kwamba alilitamka kila alipokutana na mtu koridoni. Ushahidi wote ulikuwa katika kipande kimoja, cha kumi na moja kutoka juu.

Jumatano asubuhi, Bi Mshale akiwa bado na hasira za mlango, Dokta aliingia amevaa koti zito na glavu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Funga mlango."

"Nimefunga. Naomba kipande cha kumi na moja, nusu ya kazi. Jopo wanataka wakione chenyewe siku ya Ijumaa, na mimi nataka nikipige picha leo."

"Mshale?"

"Upo, mama mkubwa. Mshale upo siku zote."

"Usinijibu kwa kuchoka. Nenda kaandae kamera, mimi nakisafisha."

Alikilaza juu ya meza, akawasha taa, akachukua wembe mpana. Kusafisha tope kuna adabu yake: unakwangua kwa upana, kamwe si kwa urefu, usije ukaburuta enzi moja ukaipaka juu ya nyingine. Aliondoa ngozi kavu ya juu polepole, huku akiwasema dereva na fundi kimoyomoyo. Rangi zikatoka safi. Upande wenye mshale, kijivu. Upande wa chini, kahawia. Kama Dokta alivyoandika.

Katikati ya ile kahawia kulikuwa na mstari wa mchanga, unene wa kidole. Mafuriko. Hiyo si ajabu, mafuriko yapo kila zama. Lakini Bi Mshale alisimamisha wembe.

Chukua ndoo ya maji, mwaga udongo ndani, koroga, kisha subiri. Mchanga unatangulia chini, ule udongo laini unatua juu yake baadaye. Ndivyo mafuriko yanavyofanya ziwani. Mchanga chini, laini juu. Haijawahi kuwa vinginevyo, ndooni wala ziwani. Na pale mezani laini lilikuwa chini, mchanga juu.

Aliinama, akageuza kichwa mpaka shingo ikauma. Kwa kutazama hivyo, juu chini, kila kitu kilikaa sawasawa.

"Ebo!" alisema peke yake.

Kipande cha kumi na moja kilikuwa kimegeuzwa. Na ukikirudisha kilivyotakiwa kuwa, hadithi yote ya Dokta inakufa. Kipande cha kumi na mbili, kilichokuwa chini yake, ni kijivu tupu. Cha kumi, kilichokuwa juu yake, ni kahawia tupu. Hiki cha katikati kikisimama vizuri, kijivu kinafuatwa na kahawia, barafu imeondoka, kwisha habari. Kikigeuzwa ndipo unapata barafu, joto, barafu tena, joto tena. Ghafla na ghafla! Ghafla zote mbili zilikaa palepale bomba lilipokatwa, na Profesa, na wasomi wa jopo lake, na Dokta mwenyewe, hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona dunia ilikuwa inasubiri kufika kwenye msumeno ndipo ibadilike!

Hasira zilimpanda mpaka masikioni. Alitoka koridoni bila hata kuvua glavu.

"Dokta! Umekigeuza!"

Binti aliweka kamera chini. "Nimegeuza nini?"

"Kipande. Kipande cha kumi na moja. Nimesema mara ngapi? Mshale, mshale, mshale, mpaka nimepewa jina!"

"Mama mkubwa, mimi nilikikuta hivyohivyo. Siku ya kwanza kabisa nilikipiga picha. Mshale ulikuwa palepale ulipo leo, na mwandiko si wangu."

Alifungua kompyuta akamwonyesha. Kweli. Picha ya miaka mitatu iliyopita, kijivu juu, mshale juu.

"Kwani kuna nini?" Dokta aliuliza.

"Bado sijajua. Subiri hapa."

Alikuwa anajua. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa mashine, akamkuta ndani ya mtambo wa kupoozea mpaka kiunoni, akamwuliza kama amewahi kushika vipande.

"Mimi?" fundi alisema kutoka humo ndani. "Wewe hunijui? Mimi hata kuvitazama naogopa."

"Ile siku mtambo ulipokufa, mlihamisha rafu zote. Mlikuwa mnabeba kama magunia!"

"Tulibeba, bibi. Lakini kuandika uliandika wewe. Ulikataa mtu mwingine asishike kalamu."

Akamwacha na kurudi chumbani, bado kwa hasira. Alipiga magoti kwenye rafu za chini akavuta nusu ya akiba ya kipande kile. Haikuhitaji kufunguliwa, plastiki yake ilikuwa inaonyesha. Mshale wa zamani, ulioandikwa siku tope lilipotoka ziwani. Kijivu chini, kahawia juu, na ule mchanga umekaa mahali pake.

Kisha akashusha daftari la kazi la mwaka ule, miaka tisa nyuma, akalifungulia juu ya meza, kando ya kipande. Kidole kilishuka mstari kwa mstari. *Kipande 11, nusu ya kazi. Vifuniko vya zamani vimepasuka, vimewekwa vipya. Wino umefutwa na maji, mshale umeandikwa upya.* Tarehe. Sahihi.

Sahihi yake.

Aliikumbuka siku hiyo kwa sababu ya ghadhabu yake. Mtambo umezima, maji yanadondoka kila mahali, wino unatiririka kwenye lebo, na fundi amechelewa saa tatu nzima. Alikuwa amebana simu kwa bega anamfokea, huku mikono inabadilisha vifuniko vya ncha za vipande: chekundu ndicho cha juu, cheupe cha chini. Kwenye cha kumi na moja chekundu kiliingia ncha ya chini, kisha mshale ukafuata kifuniko chekundu kilipo. Vipande vyote mia na arobaini alivishughulikia yeye, kwa sababu hakumwamini mtu. Na jioni ile ile, jamani, jioni ile ile alimwandika fundi ubaoni kwa kuchelewa.

Alikaa juu ya ngazi ndogo ya chuma. Baridi ilimpenya kwenye sketi, asijali.

Angeweza kunyamaza. Hilo lilimjia wazi kabisa, wala hakujisingizia kwamba halikumjia. Akirudisha kipande kwenye rafu, Dokta atasimama Ijumaa, watampigia makofi, shemeji atalia mbele za watu, na yeye ataondoka baada ya wiki mbili na ubao wake safi. Au aandike kwamba ni fundi. Nani angebisha? Fundi mwenyewe alikuwa amezoea kuandikwa, labda angedhani amesahau.

Halafu siku moja, mwaka kesho au miaka kumi ijayo, mtu mwingine mwenye ruhusa ataifungua nusu ya akiba. Wakati huo mama mkubwa yuko nyumbani anamwagilia maua. Atakayeitwa mwongo ni Dokta.

"Pumbavu," alisema, na safari hii hakuwa anamwambia mtu mwingine.

Alimwita binti ndani. Akamwonyesha mchanga, akamwonyesha nusu ya akiba, akamwekea daftari mbele. Hakueleza kwa urefu. Dokta hakuhitaji kuelezwa. Bi Mshale ndiye aliyemlea kwenye tope hili. Binti alisoma ule mstari mara mbili.

"Hii ni sahihi yako."

"Ni yangu."

"Miaka mitatu, mama mkubwa." Alianza chinichini. "Miaka mitatu nimekaa humu ndani mpaka vidole vinakufa ganzi. Sura ya nne yote ni kipande hiki. Sura ya tano yote! Miaka mitatu unanigombeza mbele za watu, mshale, mshale, siku moja ulinifukuza kwa sababu niliandika kwa penseli, ukaniandika pale mlangoni kila mtu asome, na kumbe mshale wenyewe..." Alivua glavu moja akaitupa mezani. "Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi."

"Usinijibu hivyo! Jitetee basi! Mseme fundi, mseme mtu yeyote!"

"Nisamehe, mwanangu," alisema Bi Mshale. "Nilikuwa nimemkasirikia mtu mwingine."

Dokta alicheka, kicheko kibaya. Kisha akalia wima, bila kujifunika uso, na mama yake mkubwa hakuthubutu kumgusa.

Profesa aliitwa. Aliingia, kwa mara ya kwanza bila kikombe, akatazama mezani, akatazama plastiki, akatafuta kiti na hakukuwa na kiti. Alisema ameshawaandikia wenzake nusu ya dunia. Alisema hili haliwezekani. Akainama akageuza kichwa, vilevile kama Bi Mshale alivyofanya, na alipoinuka alikuwa mwekundu.

"Ijumaa haipo," alisema hatimaye. "Miezi sita. Sura mbili ziandikwe upya. Barafu iliondoka mara moja tu, kama kawaida yake, basi tutasema hivyo." Akamgeukia Dokta. "Nami nilipaswa kuona. Palepale penye msumeno! Nilipaswa kuona."

"Ndiyo," alisema Dokta, kwa hasira, na Profesa akakubali kwa kichwa na kutoka.

Mlangoni pa chumba, dereva na fundi walikuwa wamesimama wanajifanya wanapita. Bi Mshale aliwapita, akashika ile kalamu nyekundu. Ubao ulikuwa umejaa. Ilibidi abane maandishi chini kabisa. *Bi Mshale. Kageuza kipande cha 11.* Aliiachia kalamu ikaning'inia kwenye uzi wake.

Fundi alikohoa. Dereva alitazama dari. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Dokta alikuja akasimama nyuma yake, macho yamevimba, akasoma.

"Tarehe," alisema.

"Nini?"

"Hujaweka tarehe. Bila tarehe ni umbea tu."

Bi Mshale aliichukua tena kalamu. Hakuandika ya leo. Aliandika ile ya miaka tisa iliyopita, siku, mwezi, mwaka, mpaka nafasi ikamwishia na tarakimu ya mwisho ikapanda juu ya fremu ya ubao.

"Vipande vingapi ulibadilisha vifuniko siku hiyo?" Dokta aliuliza.

"Vyote. Mia na arobaini."

"Kwa hiyo hatujui ni vingapi vingine vimegeuka."

"Hatujui."

Binti alijifuta pua kwa mkono wa koti. Uso wake bado ulikuwa umefura, na sauti haikuwa na huruma yoyote ndani yake.

"Una wiki mbili," alisema. "Kesho saa moja asubuhi tunaanza na cha kwanza. Mimi nashika taa, wewe unakwangua, tunatafuta mchanga na kuulinganisha na nusu ya akiba, kipande kimoja baada ya kingine. Na ukichelewa, mama mkubwa, nakuandika."